Kufuli Linapokwama: Kasoro ya Programu ya OpenSSL na Usalama wa Mgonjwa

Mlango wa nyumba ya Mji Mkongwe, pamoja na nakshi zake na misumari yake ya shaba, ulitengenezwa ufanye kazi mbili: umzuie asiyestahili kuingia, na umpishe anayestahili. Tunapozungumza juu ya usalama wa taarifa za wagonjwa, katika semina na katika miongozo ya kazi, karibu kila neno huhusu kazi ile ya kwanza. Tunaonywa juu ya wezi wa taarifa, juu ya nywila dhaifu, juu ya faili lililoachwa wazi mezani. Maonyo hayo ni ya haki. Lakini mlango usiomfungukia mwenye nyumba nao umeharibika, na iwapo ndani yumo mgonjwa, ubovu huo waweza kumdhuru kuliko mwizi. Makala haya yanaeleza kasoro moja ya aina hiyo, iliyotangazwa mwaka 2022, katika programu ambayo wahudumu wa afya duniani kote huitegemea kila siku pasipo kuiona.

Safari ya taarifa kutoka mapokezi hadi kwenye seva

Tuchukulie mgonjwa amefika katika hospitali ya Unguja akiwa na kadi ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar. Karani wa mapokezi anaingiza namba yake kwenye kompyuta. Taarifa hiyo haikai katika chumba kile. Inasafiri hadi kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayotunza kumbukumbu, ambayo huenda iko jengo jingine au ng'ambo ya bahari. Jibu linarudi: mwanachama ni hai, ahudumiwe. Baadaye daktari anaagiza kipimo, maabara inarejesha majibu, na duka la dawa linasoma maagizo. Huko vijijini nako, wahudumu wa afya ya jamii wa kujitolea walio katika mpango wa Jamii ni Afya, unaoendeshwa na Wizara ya Afya Zanzibar kwa ushirikiano na shirika la D-tree, huwatembelea wajawazito na watoto wadogo majumbani wakiwa na simu za mkononi, na kumbukumbu za ziara hizo hatimaye hutumwa katika mfumo mmoja.

Kila safari ya namna hiyo hupita katika njia ya watu wengi: minara ya simu, nyaya, mitambo ya kampuni za mawasiliano. Kama ujumbe ungesafiri jinsi ulivyoandikwa, kila aliye njiani angeweza kusoma kwamba fulani ana virusi vya UKIMWI au kwamba fulani mimba yake imeharibika. Kwa sababu hiyo ujumbe husimbwa kwanza, yaani hugeuzwa kuwa mfululizo wa alama usio na maana kwa mtu yeyote isipokuwa mwenye ufunguo. Kazi hii ndiyo huitwa usimbaji fiche. Alama ndogo ya kufuli unayoiona juu ya ukurasa wa intaneti, kando ya anwani, ndiyo ishara yake.

Watengenezaji wa mifumo ya hospitali hawaandiki wenyewe hesabu za usimbaji. Hesabu hizo ni ngumu na ni rahisi kukosea, hivyo huchukuliwa zikiwa tayari kutoka katika kile wanachokiita maktaba ya programu. Jina hilo lisimpotoshe msomaji akafikiria rafu za vitabu. Mfano ulio karibu zaidi nasi ni chumba cha kutakasia vifaa vya upasuaji. Kila wodi na kila chumba cha upasuaji hupokea vifaa kutoka chumba hicho kimoja. Hakuna daktari anayechemsha mkasi wake mwenyewe. Faida yake ni kwamba kazi ngumu hufanywa na wanaoijua. Hasara yake ni kwamba mtambo wa kutakasia ukiharibika, huharibika kwa wote.

Maktaba ya OpenSSL ndiyo chumba hicho kwa sehemu kubwa ya intaneti. Ilizaliwa mwishoni mwa mwaka 1998 kutokana na kazi ya awali ya Eric Young na Tim Hudson, na hutolewa bure kwa yeyote. Kwa miaka mingi ilitunzwa na watu wachache mno, wengi wao wakijitolea, ilhali mabenki, serikali na hospitali zikiitegemea. Dunia ilizinduka mwezi Aprili 2014, kasoro iliyopewa jina la Heartbleed ilipodhihirika na kuonekana kwamba seva zilikuwa zikivujisha siri kutoka katika kumbukumbu zake. Hiyo ilikuwa kasoro ya mlango uliokuwa wazi. Ile ya mwaka 2022 ilikuwa ya mlango uliokwama.

Tangazo la tarehe 15 Machi 2022

Tarehe 24 Februari 2022, Tavis Ormandy, mtafiti wa usalama katika kampuni ya Google, aliwaarifu kwa siri watunzaji wa OpenSSL kwamba kuna hesabu moja katika maktaba yao ambayo, ikipewa namba za namna fulani, haimaliziki. Kompyuta huendelea kukokotoa bila mwisho. Marekebisho yaliandaliwa na David Benjamin wa Google na Tomáš Mráz wa mradi wa OpenSSL, na tarehe 15 Machi yakatangazwa hadharani pamoja na maelezo ya kasoro. Ilipewa namba ya utambulisho CVE-2022-0778 na kuwekwa katika daraja la juu la ukali. Matoleo yaliyoathirika yalikuwa 1.0.2, 1.1.1 na 3.0, tiba ilikuwa kuhamia toleo 1.1.1n au 3.0.2, na kwa waliokuwa bado wanalipia matunzo ya toleo la zamani, 1.0.2zd. Maktaba ndugu iitwayo LibreSSL, iliyorithi hesabu hiyo hiyo, nayo ilitoa marekebisho yake.

Ufichaji wa wiki tatu kati ya taarifa na tangazo si hila. Ni desturi ya taaluma hiyo: dawa huandaliwa kabla ya ugonjwa kutangazwa, kwa kuwa siku tangazo linapotoka, wenye nia mbaya nao hulisoma. Na kweli, haikuchukua muda mrefu kabla ya watu wengine kuchapisha mifano ya vyeti vyenye uwezo wa kuikwamisha kompyuta isiyorekebishwa.

Bawabu na barua

Kabla kompyuta mbili hazijaanza kuzungumza kwa siri, moja huionyesha nyingine cheti. Cheti hicho cha kidijitali ni kama kitambulisho: kina jina la mwenyewe, kina ufunguo wake wa umma, na chini kina saini ya mamlaka inayoaminika. Mpokeaji hukisoma, kisha hukagua saini. Utaratibu ni huo, kwanza kusoma, kisha kuhakiki. Haiwezekani kuugeuza, kwa sababu huwezi kukagua saini ya barua ambayo hujaifunua.

Hapo ndipo udhaifu ulipokaa. Mfikirie bawabu wa jengo aliyeagizwa kwamba kila mgeni atampa barua, naye aisome yote kabla ya kutazama mhuri. Anakuja mtu asiyemjua, mhuri wake ni wa bandia, lakini ndani ya barua mna fumbo la hesabu ambalo bawabu analazimika kulifumbua kabla hajafika kwenye mhuri. Fumbo hilo halina jibu. Bawabu anakaa akihesabu, na nyuma yake foleni inarefuka: daktari, mama mwenye uchungu, mletaji wa damu. Hakuna kilichoibwa. Hakuna aliyeingia. Na huduma imesimama.

Kwa nini cheti kiwe na fumbo la hesabu? Hapa inatubidi tuingie kidogo katika hisabati, na msomaji asiogope, kwa kuwa Mswahili ana hesabu hii katika ulimi wake. Saa kumi ukiongeza saa tano hupati saa kumi na tano; unapata saa tatu. Namba zinazunguka, na zikizidi 12 unaanza upya. Siku za wiki nazo ni hivyo hivyo, ila mzunguko wake ni wa 7. Sisi huzihesabu kuanzia Jumamosi, kisha Jumapili, kisha Jumatatu, na namba imo ndani ya jina. Sasa zidisha Jumatatu kwa Jumatatu: 3 mara 3 ni 9, ukitoa 7 inabaki 2, yaani Jumapili. Basi katika hesabu ya wiki, kipeuo cha pili cha Jumapili ni Jumatatu. Jaribu na Jumanne: 4 mara 4 ni 16, ukitoa 14 inabaki 2, Jumapili tena. Jumapili ina vipeuo viwili.

Aina moja ya ufunguo wa umma ni nukta iliyo juu ya mchirizo fulani wa kihisabati, na nukta huelezwa kwa namba mbili. Ili kuokoa nafasi, cheti kinaweza kubeba namba ya kwanza tu, pamoja na alama ndogo inayosema ni kipi kati ya vipeuo viwili kichukuliwe. Namba ya pili mpokeaji huitafuta mwenyewe kwa kukokotoa kipeuo cha pili katika mzunguko, kama tulivyofanya kwa siku za wiki, isipokuwa mzunguko halisi si wa 7 bali wa namba yenye tarakimu zaidi ya 70. Namba hiyo ya mzunguko ni lazima iwe namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Saba ni tasa. Kumi na mbili si tasa.

Kanuni ya kutafuta kipeuo hicho ni ya zamani kuliko kompyuta. Alberto Tonelli aliieleza mwaka 1891, na Daniel Shanks akaifikia kwa njia yake karne iliyofuata. Ndani yake mna hatua moja inayotuhusu: chukua namba fulani iliyoandaliwa, izidishe kwa yenyewe, kisha tokeo lake lizidishe kwa lenyewe, hadi ufike 1. Katika mzunguko wa 17, ambayo ni tasa, anza na 2: unapata 4, kisha 16, kisha 256, na 256 ukitoa 255 inabaki 1. Umefika, kwa hatua tatu. Sasa jaribu katika mzunguko wa 12, ambayo si tasa, ukianza na 4. Nne mara nne ni 16, ukitoa 12 inabaki 4. Zidisha tena: 4. Tena: 4. Utazunguka hapo mpaka kiyama.

Waandishi wa OpenSSL walijua kwamba hesabu yaweza kupotea, hivyo waliweka mlinzi wa kuisimamisha. Kosa lilikuwa katika maagizo ya mlinzi. Wauguzi watalielewa upesi. Fikiria agizo lisemalo: hesabu chupa za dripu kadiri unavyozibadilisha, na hesabu itakapokuwa sawasawa na kiwango kilichoandikwa kwenye chati, simamisha. Agizo hilo lafaa, maadamu hesabu inaanza chini ya kiwango. Lakini siku moja kiwango kilichoandikwa ni 1, na muuguzi wa zamu amepokea mgonjwa ambaye chupa ya kwanza imekwisha. Anatundika ya pili, anatazama chati: 2 si sawa na 1, endelea. Ya tatu si sawa na 1, endelea. Kiwango kimekwisha kupitwa na hakitakutana tena na hesabu. Agizo lilipaswa kusema: ikifika au ikizidi. Marekebisho ya mwaka 2022, kwa sehemu yake iliyo muhimu, yalikuwa hayo tu. Mistari michache ya programu.

Kwa namba tasa, hali hiyo haitokei, na ndiyo maana kasoro iliishi miaka mingi bila kuonekana. Lakini cheti kinaweza kutaja chenyewe namba ya mzunguko wake, na mtunga cheti mwenye nia mbaya anaweza kuandika namba isiyo tasa. Maktaba ilimwamini. Ni sawa na kukokotoa dozi ya mtoto kwa uzito uliotajwa na mtu wa njiani bila kumweka mtoto kwenye mizani.

Si kila seva ilikuwa hatarini kwa kiwango kimoja, na tofauti hii ni muhimu kwa mafundi wetu. Seva ya kawaida ya tovuti haimwombi mgeni cheti. Yenyewe ndiyo inayoonyesha. Walio hatarini zaidi ni seva zinazodai cheti kutoka pande zote mbili, kama ilivyo desturi mifumo ya taasisi mbili inapounganishwa, tuseme mfumo wa hospitali na ule wa bima. Kompyuta ya mtumiaji nayo, ikielekezwa kwenye seva ya mwovu, inaweza kukwama kwa kusoma cheti chake.

Gharika na sindano

Mashambulizi ya kunyima huduma yana njia mbili kuu. Ya kwanza ni gharika: maombi mengi ya uongo hutumwa kwa wakati mmoja hadi seva ishindwe kuwajibu wa kweli. Kanda yetu imeiona hii kwa macho. Mwishoni mwa Julai 2023, jukwaa la huduma za serikali ya Kenya liitwalo eCitizen, lenye huduma zaidi ya 5,000, lilishambuliwa kwa njia hiyo, na kundi lililojiita Anonymous Sudan likadai kuhusika. Wasafiri waliokuwa wakingoja viza za mtandaoni ilibidi wapewe viza wanapowasili. Ukataji wa tiketi za treni na ununuzi wa umeme vilisumbuka. Waziri husika wakati ule, Eliud Owalo, alikiri kwamba jukwaa lilishambuliwa, akasema hakuna taarifa zilizopotea. Kauli hiyo ilitolewa ili kuwatuliza watu, na kwa upande wa siri ilituliza. Aliyekwama uwanja wa ndege hakuwa na haja ya kusikia kwamba taarifa zake ziko salama.

Kundi hilo hilo, kwa mujibu wa mashtaka yaliyotangazwa na waendesha mashtaka wa Marekani mwezi Oktoba 2024 dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan, lilishambulia pia hospitali ya Cedars-Sinai ya Los Angeles, na kwa muda wa saa nane hivi wagonjwa wa dharura wakapelekwa hospitali nyingine. Los Angeles ina hospitali nyingine za kuwapeleka. Mgonjwa wa dharura wa Makunduchi au Kivunge ambaye Mnazi Mmoja ndiyo rufaa yake hana wingi huo wa chaguo.

Njia ya pili ni sindano, na kasoro ya OpenSSL ni ya jamii hiyo. Haihitaji jeshi la kompyuta. Cheti kimoja kidogo hukwamisha kazi moja ya seva, na vikirudiwa vichache, seva nzima huishiwa nguvu. Ndiyo maana iliwekwa daraja la juu ingawa haivujishi hata herufi moja ya siri.

Unguja na uzoefu wa kukosa huduma

Wataalamu wa usalama hutaja nguzo tatu za ulinzi wa taarifa: usiri, usahihi na upatikanaji. Katika vitabu hukaa mstari mmoja, kama ndugu wenye haki sawa. Katika mafunzo tunayoyatoa kwa wauguzi na matabibu, nguzo ya tatu hupewa dakika za mwisho, wakati chai imekwisha wasili. Ni ajabu kidogo, kwa kuwa watu wa kisiwa hiki wana sababu ya kuijua kuliko wengi.

Tarehe 21 Mei 2008 umeme wa Unguja ulikatika kutokana na hitilafu ya njia ya umeme inayotoka Tanzania Bara kupitia chini ya bahari, na haukurudi hadi tarehe 18 Juni. Disemba 2009 ulikatika tena, safari hii kwa takriban miezi mitatu. Hakuna aliyeiba kitu. Kilichokosekana ni huduma tu. Mchumi Alfredo Burlando, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, alitumia kumbukumbu za uzazi za hospitali kuchunguza giza lile la mwaka 2008, akabaini kwamba watoto waliokuwa tumboni wakati huo walizaliwa wakiwa na uzito mdogo kuliko ilivyotarajiwa, jambo alilolihusisha na kushuka kwa kipato cha kaya zilizotegemea kazi za umeme. Mwezi mmoja wa kukosa huduma ulionekana kwenye mizani ya wodi ya wazazi miezi kadhaa baadaye. Waya mpya wenye uwezo mkubwa zaidi, wa megawati 100, ulianza kazi mwaka 2013.

Kisha tarehe 12 Mei 2024, hitilafu katika nyaya za mawasiliano za chini ya bahari za EASSy na Seacom ziliudhoofisha mno mtandao wa intaneti katika nchi za Afrika Mashariki, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulifunga milango yake kwa wageni kwa siku mbili kwa sababu ya mtandao. Hospitali haziwezi kufunga milango.

Matukio haya hayakuwa mashambulizi, wala hayakutokana na OpenSSL. Nimeyataja kwa kuwa mgonjwa aliye dirishani haoni tofauti. Kwake waya uliokatika baharini na hesabu isiyokwisha ndani ya seva hutamkwa kwa maneno yale yale: mtandao hakuna, subiri. Na maandalizi ya moja hufaa kwa nyingine.

Mambo ya kutenda

Kwa wasimamizi wa mifumo, la kwanza ni kujua walicho nacho. Agizo la «openssl version», likiandikwa kwenye seva, hutaja toleo lililopo, ingawa mafundi wakumbuke kwamba baadhi ya wasambazaji wa mifumo ya kompyuta hutia marekebisho bila kubadilisha herufi ya toleo, kwa hiyo ni lazima kusoma pia taarifa za msambazaji. Toleo 1.1.1 liliacha kutunzwa bila malipo Septemba 2023, hivyo seva inayoendelea kulitumia bila mkataba wa matunzo haipati tena tiba za kasoro zinazogunduliwa sasa. Taabu kubwa zaidi imo ndani ya mashine zisizofanana na kompyuta: mashine za maabara, za picha za mionzi, na vifaa vya mtandao, ambavyo vinaweza kubeba maktaba hiyo bila lebo yoyote. Wakati wa kununua mashine, swali la nani atatoa masasisho ya programu, na kwa miaka mingapi, liulizwe kabla ya kutia saini. Bei ya mashine iliyotolewa kama msaada haijumuishi jibu la swali hilo, na kwa maoni yangu hapo ndipo hospitali nyingi za kanda yetu zilipo wazi zaidi.

Kwa mhudumu wa afya, dalili zina thamani kama zilivyo kitandani. Kasoro ya namna hii huonekana tofauti na kukatika kwa mtandao. Mtandao ukikatika, kurasa zote hukataa, pamoja na zile za nje ya hospitali. Seva iliyokwama katika kitanzi cha hesabu huacha mtandao ukiwa hai ilhali mfumo mmoja tu umeganda. Ikiwashwa upya hupona kwa muda, kisha huganda tena. Anayempigia fundi simu na kusema «mfumo mbovu» amempa malalamiko bila historia. Amwambie ulianza saa ngapi, ni mfumo gani, kompyuta nyingine zikoje, na kama kuwasha upya kulisaidia.

Lipo pia jambo ambalo mhudumu asilifanye, na najua ni zito kulikataa foleni inaporefuka. Mfumo ukikwama, watu hutafuta njia ya mkato: hupuuza onyo la cheti na kubofya kuendelea, humwomba fundi auzime usimbaji ili kazi ipite, au hupiga picha majibu ya maabara na kuyatuma katika kundi la WhatsApp lenye watu arobaini. Kufuli limekwama, nasi tunaung'oa mlango. Seva itakaporudi, picha zile zitabaki katika simu arobaini.

Njia iliyo salama ni ya zamani, nayo ni karatasi. Kila idara iwe na fomu zilizochapishwa za maagizo, majibu na dawa, zikae mahali panapojulikana na zamu zote, zamu ya usiku ikiwemo. Pawepo na mtu aliyekabidhiwa kutangaza kwamba sasa tunaandika kwa mkono, na mtu wa kuingiza kumbukumbu hizo katika mfumo utakaporudi, kwa kuwa taarifa iliyobaki kwenye karatasi bila kuingizwa ni hatari nyingine: daktari wa kesho atasoma faili lenye pengo. Zoezi la saa mbili, la kufanya kazi bila kompyuta, litaonyesha fomu zipi zimekwisha na nani hajui ziliko. Kwa upande huu simu za wahudumu wa jamii zina somo. Programu yao huweza kuendelea kuandika kumbukumbu mahali pasipo na mtandao na kuzituma baadaye, na mfumo wa hospitali unaponunuliwa, sifa hiyo inafaa kudaiwa.

Kwa mgonjwa na jamaa zake, kadi ya kliniki ya mama na mtoto isitupwe kwa kudhani kwamba kila kitu kimo kwenye kompyuta. Mwenye kisukari, shinikizo la damu, kifafa au anayetumia dawa za kufubaza virusi aandike katika kipande cha karatasi majina ya dawa zake, dozi zake, na dawa inayomdhuru, akikunje pamoja na kitambulisho chake. Anayetunza mzee nyumbani amfanyie hivyo. Na karani akisema mfumo umekwama, ni haki ya mgonjwa kuuliza kwa upole kama anaweza kuandikishwa kwa mkono, hasa akiwa na maumivu ya kifua, akiwa anatoka damu, au akiwa amebeba mtoto aliyelegea. Huyo hasubirishwi kwa sababu ya kompyuta.